Jirani anapoziba njia kwa gari: jinsi ya kuomba Serikali ya Mtaa iingilie kati

Usiku mmoja wa masika, mtaani kwetu, mama mjamzito alishikwa mikono huku na huku akatembezwa kwenye tope mpaka barabara ya lami, kwa sababu Fuso la jirani lilikuwa limeegeshwa kwenye kona na bajaji iliyokuja kumchukua haikupata upenyo wa kupita. Alifika hospitali salama na mtoto ni mzima. Asubuhi yake, watu walipokusanyika dukani kulizungumza jambo hilo, ilibainika kwamba karibu kila nyumba ilikuwa imelalamikia lile gari kwa miezi mingi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandika barua. Kulalamika kulikuwa kumejaa mtaa mzima, lakini ofisini hapakuwa na karatasi yoyote ya kufanyia kazi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mkazi wa Dar es Salaam, ingawa kwa sehemu kubwa utamfaa mkazi wa mji wowote wa Tanzania, kwa kuwa ngazi za Mtaa, Kata na Halmashauri ni zilezile. Tatizo lenyewe ni la kimaumbile kabla halijawa la tabia. Maeneo kama Sinza na Kijitonyama yalipimwa viwanja katika miaka ya 1970, wakati nyumba yenye gari ilikuwa ya kuhesabika. Leo nyumba moja ya wapangaji huweza kuwa na magari matatu, na geti lake lina nafasi ya gari moja. Katika maeneo ambayo hayakupimwa hali ni ngumu zaidi, kwani njia yenyewe huwa ni nafasi iliyobaki kati ya ukuta na ukuta. Kwa hiyo jirani anayeegesha vibaya si lazima awe mtu mbaya, na ombi lako litasikilizwa vizuri zaidi likianzia kwenye ukweli huo.

Kabla ya kuchukua kalamu, jua kwanza unazungumzia njia ya namna gani. Ikiwa ni barabara iliyomo kwenye ramani ya mipango miji, hakuna jirani mwenye haki ya kuifanya uwanja wake, hata kama gari linasimama mbele ya geti lake mwenyewe, na hata kama ameweka mawe yaliyopakwa chokaa au kreti tupu za soda kuonyesha kwamba ile ni nafasi yake. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanza kazi mwaka 2017, na zile kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Lakini ikiwa njia unayopita ni kipande cha kiwanja cha mtu aliyewaachia majirani kwa hisani tangu zamani, hilo si shauri la maegesho tena, ni shauri la ardhi, na lina mkondo wake ambao nitaueleza mbele. Uliza kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, na ikibidi kwa afisa mipango miji wa halmashauri. Wengi huiruka hatua hii, kisha hujikuta wamesimama mbele ya kikao wakidai barabara ambayo kwenye ramani haipo.

Hatua inayofuata ni kumwendea jirani mwenyewe, si kwa sababu sheria inakulazimisha, bali kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ofisini ni kama umewahi kuzungumza naye. Nenda mchana, nenda peke yako au na mtu mmoja anayeheshimika na pande zote, na usiende ukiwa umetoka tu kukwaruza gari lako kwenye ukuta. Akiwa amekuzidi umri, anza na shikamoo, mpe nafasi ya kukukaribisha, ndipo useme shida yako kwa sentensi moja: "Mzee wangu, nimekuja kuhusu gari, likikaa pale kwenye kona usiku, boza la maji na gari la wagonjwa havipiti." Taja gari na kona, usitaje tabia yake. Mkikubaliana, mmemaliza. Asipokubali, andika tarehe na saa uliyozungumza naye, na jina la uliyekuwa naye.

Katika mitaa mingi watu wanamtanguliza balozi wa nyumba kumi. Si vibaya, maana anawajua wote na mara nyingi neno lake linatosha. Elewa tu kwamba tangu kuingia kwa vyama vingi mwaka 1992 balozi ni kiongozi wa shina la chama, si ofisi ya serikali, na kwa hiyo usuluhishi wake hauhesabiki kuwa hatua rasmi. Anaweza kuwa shahidi wako mzuri.

Sasa kusanya ushahidi, na hapa nakuomba uwe na subira, kwa sababu ndipo ombi linapopata nguvu. Chukua daftari la kawaida na kwa muda wa wiki mbili andika kila mara njia inapozibwa: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuondoka, namba ya usajili wa gari, na nani aliyeshindwa kupita. "Jumanne, saa 12:40 asubuhi, gari la taka limerudi bila kupita nyumba sita" ni sentensi yenye uzito kuliko kurasa mbili za hasira. Pima kwa futi kamba upana wa njia na upana unaobaki gari likiwa limesimama. Ukijua kwamba kati ya mita nne inabaki mita moja na nusu, hakuna atakayebishana nawe kuhusu kama pikipiki inapita au haipiti. Piga picha ukiwa umesimama njiani, zikionyesha gari pamoja na kitu kinachotambulisha mahali, kama nguzo ya umeme au geti. Usipige picha ndani ya uzio wa mtu, wala picha za watoto wake, wala usizisambaze kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Picha ikishazungumzwa humo, jirani anafika kwenye kikao akiwa mdhalilishwa, na kikao chote kinageuka kuwa cha kumwomba radhi.

Ofisi ya Serikali ya Mtaa ina watu wawili ambao hupaswi kuwachanganya. Mwenyekiti amechaguliwa na wakazi, na uchaguzi wa mwisho ulikuwa Novemba 2024. Afisa Mtendaji wa Mtaa ni mwajiriwa, ndiye anayetunza kumbukumbu na mihuri. Barua inaandikwa kwa Mwenyekiti, lakini inapokelewa na kuingizwa kwenye kumbukumbu na Mtendaji. Iandike kwa mkono au kwa kompyuta, ukurasa mmoja, kwa mfumo wa kawaida wa barua rasmi: anwani yako na tarehe juu kulia, cheo na anwani ya unayemwandikia chini yake kushoto, kisha kichwa cha habari. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"YAH: OMBI LA KUSULUHISHWA KUHUSU KUZIBWA KWA NJIA YA MTAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa huu, nyumba namba (taja). Naomba ofisi yako inisaidie kutatua kero ya gari lenye namba za usajili (taja), ambalo huegeshwa katika kona ya (taja mahali) na kuziba njia inayotumiwa na nyumba (taja idadi). Kati ya tarehe (taja) na tarehe (taja) njia imezibwa mara (taja), kama inavyoonekana katika orodha niliyoambatanisha. Nilizungumza na mwenye gari tarehe (taja) na hatukufikia makubaliano. Naomba tuitwe sote wawili, tusikilizwe, na makubaliano yaandikwe. Naambatanisha orodha, picha (taja idadi) na majina na saini za wakazi walioathirika.

Wako katika ujenzi wa taifa,"

Kisha saini, jina kamili na namba ya simu, na chini kabisa maneno "Nakala: Afisa Mtendaji wa Kata". Angalia kwamba barua hii haiombi jirani aadhibiwe, inaomba muitwe. Mwenyekiti hana uwezo wa kumtoza mtu faini kwa kosa la barabarani, kwa hiyo ukimwomba adhabu unamwomba asichokuwa nacho, na barua yako itakaa mezani. Uwezo wake ni wa kuita watu, kusuluhisha, na kupeleka jambo mbele, na hapo ndipo ombi lako lielekee. Saini za majirani wengine usizipuuze. Malalamiko ya mtu mmoja huonekana kama ugomvi wa wawili, ya nyumba saba ni kero ya mtaa.

Peleka nakala mbili. Moja inabaki ofisini, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ukaondoke nayo mkononi. Narudia, usiondoke bila nakala yenye muhuri, kwa sababu kila ofisi ya juu utakayoifikia itakuuliza kama umepitia Serikali ya Mtaa, na jibu lake ni hiyo karatasi. Ukiombwa malipo yoyote, omba stakabadhi. Usipoitwa ndani ya wiki mbili, rudi na nakala yako uulize kwa upole tarehe ya kikao.

Siku ya kikao, jirani huitwa kwa barua ya wito, na wote wawili mnazungumza mbele ya Mwenyekiti, Mtendaji na mara nyingi mjumbe mmoja au wawili wa kamati ya mtaa. Njoo na pendekezo linalotekelezeka. Mtaani kwetu mwenye Fuso hakukataa kuliondoa. Alisema hana pa kulipeleka, na alikuwa anasema kweli. Kikao kilimalizika pale mzee mmoja mwenye kiwanja kitupu alipokubali gari lilale kwake kwa malipo ya mlinzi, na makubaliano yakaandikwa: gari lisilale njiani kati ya saa 1 jioni na saa 12 asubuhi, kupakia na kushusha mizigo mchana kuruhusiwe kwa muda usiozidi nusu saa. Hakikisha makubaliano yenu yana saa, mahali na tarehe ya kuanza, yasainiwe na pande zote, na kila upande upewe nakala. Ahadi ya "nitajitahidi" isiandikwe kama makubaliano, kwa kuwa haina kipimo.

Kama magari yanayoziba ni mengi na wenye makosa ni wengi, kumwita mmoja mmoja ni kujichosha. Omba jambo liwekwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa mtaa, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria, ili mkubaliane upande mmoja wa kuegesha, kona zisizoguswa, na utaratibu wa misiba na harusi. Turubai la msiba hakuna anayelikataza, wala sipendi mtu aanze kulikataza; inatosha familia au wanakamati waijulishe ofisi ili majirani wajue njia ya kuzunguka.

Makubaliano yakivunjwa, andika barua ya pili kwa Afisa Mtendaji wa Kata, ukiambatanisha nakala ya kwanza yenye muhuri na makubaliano yaliyosainiwa. Sambamba na hapo unaweza kwenda polisi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari kuachwa mahali linapoziba njia au kuhatarisha wengine, na Kanuni ya Adhabu inatambua kosa la kuwasumbua watu wote katika kutumia haki yao ya pamoja. Zungumza kwanza na polisi wa kata yako. Ikibidi, fika kituoni utoe taarifa na uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Askari wa usalama barabarani ana uwezo wa kumtoza faini mwenye gari au kuagiza gari liondolewe, jambo ambalo Mwenyekiti hana. Dharura haifuati ngazi hizi: nyumba ikiwaka moto au mgonjwa akiwa amekwama, piga 114 kwa Zimamoto au 112 kwa polisi, eleza waziwazi kwamba njia imezibwa na gari gani, na umtume mtu akasimame barabara kuu awaongoze.

Kwa gari bovu lililokaa juu ya matofali miaka miwili, au gereji bubu iliyomwaga oili na kupanga magari ya wateja njia nzima, jirani yako si mtu wa kusuluhishwa naye peke yake. Barua iende pia kwa Mkurugenzi wa halmashauri kupitia Mtendaji wa Kata, kwa kuwa leseni ya biashara na usafi wa mazingira viko kwake, na nakala kwa meneja wa TARURA wa wilaya, kwa kuwa hifadhi ya barabara ni yake. Meneja huyohuyo ndiye anayeombwa alama ya kukataza maegesho kwenye kona. Usichimbie nguzo zako, usijenge tuta, usifunge mnyororo. Hata nia ikiwa njema, wewe ndiye utakayeandikiwa barua. Na usitoe upepo kwenye tairi la mtu wala kuchuna rangi ya gari lake, maana siku hiyo daftari lako lote la wiki mbili linakuwa ushahidi kwamba ulikuwa na sababu ya kufanya hivyo.

Lile shauri la njia inayopita kwenye kiwanja cha mtu huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, si kutoa hukumu. Usuluhishi ukishindikana, omba baraza likuandikie hivyo, kisha uipeleke karatasi hiyo pamoja na nyaraka zako kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko nenda na hati au leseni ya makazi, mchoro wa mahali, na mzee yeyote wa mtaa anayekumbuka ni lini watu walianza kupita pale na nani aliyewaruhusu.