Kabla ya Kwenda Nchi Usiyoijua Lugha Yake

Usijitese kukariri maneno mia ya lugha ngeni wiki moja kabla ya safari. Salamu, asante, samahani na kuhesabu hadi kumi vinatosha kuanzia. Nguvu zako zipeleke kwenye yale ambayo mtu akikuelewa vibaya utaumia, na hayo yaandikwe mapema ili uonyeshe tu.

La kwanza ni afya, na hapa sina mzaha. Kama una mzio wa karanga au wa penisilini, tafuta mtu anayeijua vizuri lugha ya huko akuandikie sentensi moja isiyo na utata: nina mzio wa kitu hiki, nikikila hata kidogo naweza kufa. Programu ya simu inaweza kuligeuza hilo likasomeka kama vile hukipendi tu, na mpishi akakitoa juu juu kwa kijiko. Dawa unazotumia ziandike kwa jina la kiambato, yaani kile kinachotibu ndani ya dawa, maana jina la kibiashara hubadilika kila nchi. Hata la kiambato lina mitego: parasetamoli Marekani huitwa acetaminophen, basi muulize daktari au mfamasia wako kabla hujaondoka.

Anwani ya unakofikia iandike kwa maandishi ya wenyeji. Dereva wa teksi wa Bangkok au Beijing huenda asizisome kabisa herufi tulizozoea sisi. Ongeza namba ya simu ya mapokezi. Akipotea atawapigia waelekezane wenyewe. Vyote hivi viwe kwenye karatasi, kwa sababu simu huisha chaji saa mbaya.

Programu ya kutafsiri pakua mapema pamoja na lugha zenyewe, kisha zima data uone kama bado inafanya kazi. Anayekwenda China bara ajue kwamba huduma za Google zimezuiwa kule, kwa hiyo atafute programu nyingine akiwa bado nyumbani. Ukiandika, tumia sentensi fupi bila mafumbo, halafu tafsiri kilichotoka kirudi kwa Kiswahili ukikague.

Namba za dharura ni kazi ya dakika moja: nchi zote za Umoja wa Ulaya hutumia 112, Marekani 911. Kwingine angalia.

Mikono na kichwa navyo visikudanganye. Bulgaria, mtu akitikisa kichwa kulia na kushoto mara nyingi amekubali. China, sita hadi kumi huonyeshwa kwa mkono mmoja, na nane ni kidole gumba na cha shahada vilivyonyooshwa, alama ambayo mgeni huisoma mbili. Kwenye bei, mpe muuzaji simu yako ikiwa imefunguliwa kikokotoo aandike mwenyewe, nawe ujibu papo hapo kwa tarakimu.