Jinsi ya kumsikiliza popo akiwinda: fuata mdundo kabla ya namba

Popo anayekula wadudu hupiga kelele muda wote anaporuka. Hatumsikii kwa sababu sikio la binadamu hukomea kwenye kilohezi 20 hivi (mitetemo 20,000 kwa sekunde), na umri ukisogea hushuka zaidi, ilhali milio mingi ya popo iko juu ya hapo. Ukiwa na kipokezi cha kushusha sauti hizo hadi kiwango tunachosikia, utausikia uwindaji mwanzo hadi mwisho. Wengi wanaoanza hung'ang'ania namba za masafa, yaani hizo kilohezi, ili wajue ni popo gani. Mimi nakushauri uanze na mdundo, yaani nafasi iliyopo kati ya mlio na mlio, kwa sababu humo ndimo popo anapokueleza anachofanya.

Hatua ya 1: Jua unachokwenda kusikiliza

Popo hutoa mlio kooni, ukatokea mdomoni au puani, ukagonga kitu, kisha mwangwi ukamrudia masikioni. Hewani sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mdudu akiwa mita moja mbele, mwangwi hurudi baada ya milisekunde 6 hivi, na kwa muda huo popo hujua umbali.

Kwa nini sauti iwe kali hivyo, yaani ya masafa ya juu? Mlio wa kilohezi 45 una wimbi lenye urefu wa milimita 7.6 tu, kwa hiyo hata mdudu mdogo huurudisha vizuri. Wimbi refu lingempita pembeni. Hasara yake ni kwamba sauti kali hufifia upesi hewani, ndiyo maana popo humgundua mdudu mdogo akiwa mita chache tu mbele yake.

Hatua ya 2: Chagua kipokezi

Anza na kile cha heterodaini. Huchanganya mlio wa popo na masafa unayochagua kwa kuzungusha kitufe, ukasikia tofauti yake papo hapo, mdundo ukiwa vilevile. Vipo vinavyorefusha sauti mara 10, na vipo vinavyorekodi kila kitu kwa sampuli (vipimo vya sauti) 256,000 au 384,000 kwa sekunde. Hivyo ni vya kuchambulia baadaye kwenye kompyuta. Kinasa sauti cha kawaida cha simu hakifai, kwani sampuli zake 44,100 au 48,000 haziwezi kubeba masafa hayo.

Kazi hii ina historia ninayoipenda. Mwaka 1938, Donald Griffin, akiwa bado mwanafunzi wa Harvard, alipeleka popo mbele ya kifaa cha mwanafizikia George W. Pierce, na sauti ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia zikasikika.

Hatua ya 3: Jijaribu, kisha simama tuli

Washa kipokezi, sugua vidole mbele ya kipaza sauti. Ukisikia mkwaruzo, kinafanya kazi. Toa funguo mfukoni na uvue koti la nailoni: vyote hutoa ultrasauti (sauti za juu kuliko sikio letu linavyosikia) na vitakuchanganya. Toka jua linapozama, usimame kando ya maji yaliyotulia au pembezoni mwa miti. Mvumo usiokatika kutoka kichakani kwa kawaida ni panzi au nyenje.

Hatua ya 4: Tafuta masafa

Weka kilohezi 45, kisha zungusha polepole juu na chini. Ukiwa mbali na masafa ya mlio utasikia vidoko vikavu. Ukiyakaribia, sauti hunenepa na kuwa nzito. Popo wengi huanza mlio juu na kuuteremsha ghafla, na unono huo huwa karibu na mwisho wa chini. Popo wa jenasi ya Rhinolophus ni tofauti: hushikilia sauti moja, nawe utasikia kama filimbi inayoyumba. Rhinolophus ferrumequinum, kwa mfano, yuko karibu na kilohezi 82.

Hatua ya 5: Fuata uwindaji wenyewe

Ukimpata, acha kitufe. Sikiliza.

Kwanza ni kutafuta: milio kama 10 kwa sekunde, mara nyingi mmoja kwa kila pigo la mbawa. Akimgundua mdudu, milio husogeleana. Hapo shikilia pumzi, maana sehemu inayofuata haifiki sekunde moja: milio hufika 150 au zaidi kwa sekunde, ikaungana kuwa mvumo mmoja, kama zipu inayofungwa kwa nguvu. Kisha kimya kifupi, na mdundo wa awali unarudi.

Kila mwangwi ni habari ya mara moja, na mdudu hatulii, kwa hiyo kadiri popo anavyokaribia ndivyo anavyohitaji habari mpya upesi zaidi. Tena lazima afupishe mlio. Kwenye sentimita 20 mwangwi hurudi baada ya milisekunde 1.2 hivi, mlio mrefu ungeufunika. Misuli ya sikio lake la kati hukaza anapopiga mlio ili asijizibe masikio kwa mlio wake, ikalegea kupokea mwangwi. Dakika ya mwisho wengi humkumba mdudu kwa ubawa au utando wa mkia, ndipo wampeleke mdomoni.

Mvumo huo ni jaribio. Usiuhesabu kuwa mlo.

Hatua ya 6: Usikie na upande wa mdudu

Nondo wengi wana masikio ya kusikia popo, na wakisikia hujitupa chini au hupinda njia. Nondo Bertholdia trigona hujibu kwa vidoko vyake mwenyewe vinavyovuruga mwangwi. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2009. Popo Barbastella barbastellus naye hupiga milio hafifu ili awakaribie nondo kabla hawajamsikia.

Kwa hiyo ukimwona popo na kipokezi kinanong'ona tu, usidhani kimeharibika. Huenda ni mnong'onaji wa aina hiyo, au ni popo mla matunda: wengi wao hutegemea macho na pua, ingawa wa jenasi ya Rousettus hutoa vidoko kwa ulimi ili wapate mwangwi.

Hatua ya 7: Andika palepale

Saa, hali ya hewa, masafa yaliyonenepa, mdundo, na mivumo uliyosikia kwa dakika. Usimulike tochi wanakolala, wala usimshike popo kwa mikono mitupu.