Namna ya kuandika chati ya namba kabla ya kurekodi wimbo wa kantri

Wapigaji wa studio za Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha muziki wa kantri, hawasubiri kupewa noti. Wanataka karatasi moja yenye namba, wausikilize wimbo mara moja huku wakiifuata, kisha warekodi. Mfumo huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Neal Matthews Jr. wa kundi la The Jordanaires. Miaka ya 1960 Charlie McCoy na wapigaji wenzake wakauchukua, ukaenea. Aliyeimba kwaya kwa solfa ameshafika nusu ya njia: do ni 1, re ni 2, mi ni 3, hadi ti ambayo ni 7, na do huhama kufuata ufunguo. Tofauti ni kwamba hapa namba hutaja akordi nzima, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja.

Anza na mwimbaji, karatasi baadaye. Tafuta sauti ya juu kabisa kwenye kiitikio na ya chini kabisa kwenye ubeti. Mwambie aimbe kiitikio mara tatu mfululizo kwa nguvu zote, kwa sababu ndivyo atakavyokiimba studio. Akianza kukaza shingo mara ya tatu, shusha nusu toni, ujaribu tena. Ukishuka mpaka maneno ya ubeti yanamezwa, umepita kiasi. Usichague ufunguo kwa sababu tu gitaa lako linaupenda. Mpigaji akiambiwa B♭ ataweka kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya 3 na kupiga maumbo ya G, basi.

Kisha rekodi wimbo kwa simu, sauti na gitaa tu, ukiwa na metronomu. Uhesabu kipimo kwa kipimo, yaani kila fungu la mapigo; katika 4/4 ni mapigo manne. Hapa ndipo watunzi wengi hujikwaa: wimbo uleule mmoja anauhesabu mapigo 70 kwa dakika, mwingine 140, na chati ya pili inatoka na vipimo maradufu. Fuata ngoma ya snea: katika hesabu ya 4/4 iangukie pigo la 2 na la 4.

Juu ya karatasi andika jina la wimbo, ufunguo, mapigo ya kila kipimo na tempo (mapigo kwa dakika). Namba moja ni kipimo kimoja, namba nne kwa kila mstari. Mfano:

Ufunguo G, 4/4, tempo 92

Utangulizi
1 4 1 5

Ubeti
1 1 4 1
6- 4 5 5
1 1 4 1
6- (4 5) 1 1

Kiitikio
4 1 5 6-
4 1 5 5
4 1 5/7 6-
2- 5 1 1

Katika G, 1 ni G, 2 ni A, 3 ni B, 4 ni C, 5 ni D, 6 ni E, 7 ni F♯. Alama ya kutoa ni maina, kwa hiyo 6- ni Em na 2- ni Am. Mabano yanaonyesha akordi mbili ndani ya kipimo kimoja, mapigo mawili kila moja. Kwa kalamu, wengi hupiga mstari chini yake. Mgawanyo usipokuwa sawa, weka nukta juu ya namba: tatu kwa ya kwanza na moja kwa ya pili maana yake mapigo 3 kwa 1. Namba iliyo baada ya mkwaju ni ya besi. Ile 5/7 ni D yenye F♯ chini, na ndiyo inayofanya besi ishuke G, F♯, E kuelekea 6-. Usipoiandika, mpigaji besi atapiga D na mteremko wote utapotea.

Namba iliyozungushiwa umbo la almasi hupigwa mara moja na kuachwa ilie. Kishale juu ya namba kinasema akordi iingie nusu pigo mapema.

Makosa yanayogharimu ni machache lakini yanajirudia. La kwanza ni kusahau ile alama ya kutoa: 2 tupu ni A meja, na bendi nzima itaipiga hivyo. La pili ni kuandika 7 ukimaanisha F. Kwenye G hiyo ni ♭7. La tatu ni kuandika akordi ya saba kama 57, mtu akaisoma 5 kisha 7. Hiyo 7 ya nyongeza iwe ndogo na juu. Wimbo ukipanda ufunguo mwishoni, andika "panda toni 1", kisha anza upya na 1. Wimbo wa maina una desturi mbili: wapo wanaoanza na 1-, wapo wanaotumia 6- ya ufunguo wa meja ulio jamaa yake. Chagua moja na uiandike juu kabisa, maana bendi ikigawanyika hapo utasikia vurugu.

Toa nakala kwa kila mpigaji, fundi mitambo na mwimbaji. Kipindi cha kawaida cha kurekodi Nashville ni saa 3, na kwa desturi huanza saa nne asubuhi, saa nane mchana au saa kumi na mbili jioni. Mwimbaji akiamka na sauti nzito, futa G uandike F; namba hazibadiliki hata moja, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kujisumbua na chati.

Mapendekezo yatakuja. Mpigaji wa pedali stili (gitaa la kulazwa lenye pedali) akitaka vipimo viwili zaidi kabla ya ubeti wa pili, yaongeze kwenye nakala zote papo hapo. Ukimaliza, hifadhi chati iliyosahihishwa pamoja na faili za wimbo. Fidla au waitikiaji wakiongezwa wiki mbili baadaye, watahitaji ile yenye marekebisho.