Somo: Mapacha kwa farasi jike, msikose kipimo cha siku ya 14

Kwa mbuzi mapacha ni neema, kwa farasi ni msiba. Kondo la nyuma la farasi hushika karibu ukuta wote wa mji wa mimba. Wakiwa wawili hugombea ukuta huohuo, na hauwatoshi. Mimba kamili ni kama miezi 11, ila mapacha wengi hutupwa mimba ikiwa ya miezi saba hadi tisa. Alfajiri moja nilimkuta jike maziwa yanamdondokea kwatoni, na kwenye majani wamelala wawili: mmoja amejaa, mwenzake kakauka kama ngozi tupu. Hakuna aliyekuwa amempima.

Hatua ya 1. Andika siku aliyopandishwa na siku yai lilipotoka. Muulize daktari kama yametoka mawili; mapacha wa farasi karibu wote hutokana na mayai mawili, hasa kwa farasi wa mbio aina ya Thoroughbred.

Hatua ya 2. Siku ya 14 au 15 tangu yai litoke, daktari aje na altrasaundi. Mimba huonekana kama duara jeusi, upana wa karibu sentimita 2. Mpaka siku ya 16 hivi maduara hutembea ndani ya mji wa mimba, kwa hiyo apitie pembe zote mbili za mji huo hadi ncha, kisha arudi mpaka kwenye shingo yake. Akiliona moja, mwombe aendelee kutafuta.

Hatua ya 3. Yakiwa mawili, daktari huingiza mkono kwa njia ya haja kubwa, hulisogeza lile dogo hadi ncha ya pembe na kulibana lipasuke. Kiooni duara linatoweka, unabaki mstari wa maji. Kwa mkono mzoefu, zaidi ya mara tisa kwa kumi lililobaki hukua vizuri. Kazi ya saisi ni kumtuliza jike.

Hatua ya 4. Apimwe tena siku ya 28 hadi 30; moyo utaonekana unapiga. Uamuzi wowote uwe kabla ya siku ya 35. Baada ya hapo mji wa mimba huota vikombe vya homoni, yaani vinundu vidogo vinavyotoa homoni ya mimba, na hata mimba zote zikitoka, jike hukaa miezi bila joto la kawaida. Msimu umepotea.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Wangu ana duara la pili, naambiwa ni uvimbe wa maji. Nitajuaje?*
Marahaba. Uvimbe hautembei wala haukui. Arudie kipimo baada ya siku mbili. Msimu ujao apimwe kabla ya kupandishwa, uvimbe wote uchorwe kwenye daftari.

*Tumechelewa, ni siku ya 20.*
Yakiwa pembe moja, mara nyingi moja hunyauka lenyewe. Daktari afuatilie kila baada ya siku chache. Yakiwa pembe tofauti, msisubiri. Bado anaweza kubana moja.

*Mimba ina miezi saba, kiwele kimeanza kujaa. Nimkamue?*
Usimkamue, ndugu yangu, maziwa ya kwanza ndiyo kinga ya mtoto. Huenda ni mapacha, huenda kondo lina maambukizi. Mpigie daktari sasa hivi, usingoje kesho.