Kabla ya kutua Madrid: «hay que», «tiene que» na «¿dónde está?»

Anayekwenda Madrid kusoma au kufanya kazi hujiandaa kwa salamu na majina ya vyakula kwa Kihispania, kisha hukwama dirishani mbele ya karani. Pale huambiwa mambo mawili tu: lipi ni lazima, na kitu gani kiko wapi. Anza na hayo, na uyatoe kwenye Kiswahili moja kwa moja. Ukipitia Kiingereza unajiongezea safari.

«Hay que» husomwa «ai ke», kwa kuwa h ya Kihispania haitamkwi. Ni lazima isiyo na mwenyewe: «hay que pedir cita», sharti kuomba miadi, awe nani. Utaisikia mapema, maana mgeni anayehamia hutakiwa kujiandikisha manispaa kuwa mkazi wa mji, jambo wanaloliita «empadronarse». Lazima ikikuangukia wewe mwenyewe, karani atasema «tiene que traer el pasaporte», inabidi ulete pasipoti. Nawe ukijisemea ni «tengo que».

Tega sikio zaidi kwenye kukanusha, kwani hapo ndipo watu huponzwa. «No tiene que firmar» ni si lazima utie saini. «No debe firmar» ni hupaswi kutia saini. La kwanza limekuachia hiari, la pili limekukataza. «No hay que» huweza kwenda upande wowote kati ya hizo mbili, kwa hiyo uliza tena.

Upande wa mahali, una akiba usiyoijua. «¿Hay una farmacia por aquí?» ni «kuna duka la dawa hapa karibu?», na «¿dónde está la farmacia?» ni «duka la dawa liko wapi?». Kuna ni «hay», liko ni «está». Kihispania kina vitenzi viwili vya «kuwa»: «ser», kinachotoa «es», na «estar», kinachotoa «está». Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba «ser» ni ya mambo ya kudumu, wakaogopa kusema «está» kwa jengo lisilohama. Wasiogope: jengo huchukua «estar». Shughuli ndiyo huchukua «ser»: «¿dónde es la boda?», kama nasi tunavyouliza harusi ni wapi.

Hata hapa, hapo na pale vina wenzao: «aquí», «ahí», «allí». Ila «ahí» mkazo uko mwishoni, a-Í. Ukiuvuta mwanzoni utasikika umesema «hay».

Njiani, Madrid husema «todo recto» kwa kwenda moja kwa moja. Ukiwa Meksiko au Kolombia utasikia «derecho», na kulia ni «a la derecha», tofauti ya herufi moja tu mwishoni. Kabla hujaondoka, rudia maelekezo kwa sauti huku umenyoosha mkono upande uliouelewa, usubiri aliyekuelekeza aitikie.