Kufunga madigadi ya raba kwenye Land Rover 110 ya zamani au mkonga (Land Cruiser), huku kwetu Kigoma

Mvua zetu zikishaanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja ndo zinaenda hadi mwezi wa tano huko, na magari mengi ya zamani yanayopiga njia ya Ilagala kwenda Kalya au vijiji vya Buhigwe hayana madigadi, au limebaki moja linaning'inia kwa bolti moja. Watu wanasema si tatizo mbona gari linatembea. Ni tatizo ndugu yangu. Tope la tairi la mbele linajazana nyuma ya fenda na chini ya milango, linakaa na unyevu wiki nzima, kutu inaanzia hapohapo. Na tairi la nyuma likichota jiwe linamfata bodaboda aliyeko nyuma yako, pengine kampakia mama na mtoto mgongoni. Mimi hii kazi naihesabu sawa na kutengeneza breki.

Raba kwanza. Usitumie tyubu, ni laini mno, gari likikolea mwendo inajikunja inakaa juu haikingi chochote. Tafuta raba bapa ya unene wa milimita 5 au 6, kipande cha mkanda wa konveya ni kizuri sana maana ndani kina turubai haichaniki kirahisi, ila kizito, kwa hiyo kishikio kiwe cha uhakika. Ukikosa nenda kwa mafundi wa katambuga sokoni, wale wanajua kuchambua tairi na visu vyao ni vikali, mwambie akupe ubavu wa tairi la lori usio na waya. Ukikata mwenyewe lowesha kisu kwa maji ya sabuni, kinapita bila kung'ang'ania.

Sasa vipimo, na hapa usiwe na haraka. Pakia gari mzigo unaobebaga siku zote, halafu ndo upime, kwa sababu gari tupu linadanganya, likibeba linashuka na raba inashuka nalo. Tairi la 7.50-16 lina kimo cha sentimita kama 80 na upana kama 21, basi raba iwe na upana wa 28 hadi 30 ili izidi tairi pande zote mbili, na chini iishie sentimita 25 hivi kutoka ardhini gari likiwa na mzigo. Ukiishusha zaidi utaona inakinga vizuri, lakini siku umekwama ukarudi rivasi kwenye tuta, tairi linaikanyaga na kuivuta, na kitu lazima kiachie, ama raba, ama kishikio, ama fenda yenyewe inakunjika. Kutoka kwenye tairi hadi raba acha sentimita 10 au zaidi. Kwa mkonga ongeza kidogo upande wa nyuma, maana pleti za springi zikinyooka kwa mzigo ekseli inasogea nyuma.

Kata boksi kwanza kwa vipimo hivyo, lishikize mahali pake, likikubali ndo ulihamishie kwenye raba. Upande wa pili unaligeuza tu.

Kufunga, funga kwenye chesisi au kwenye vishikio vinavyotoka kwenye chesisi, sio kwenye bati la bodi. Kwenye 110 vishikio vya nyuma vinakaa kwenye ile membe ya mwisho ya chesisi, yaani chuma kinachokatiza nyuma kabisa, mara nyingi vimeshaliwa na kutu, mpe welda akuchongee vingine kwa engo laini (chuma cha umbo la L), upige redi oksaidi, ile ya kuzuia kutu, kabla ya rangi. Raba usiifunge kwa bolti peke yake, bolti zinakula matundu mpaka yanachanika. Weka fleti baa (chuma bapa) mbele na nyuma, raba ibanwe katikati, bolti tatu au nne za M8 zile za spana namba 13, washa pana, na nati zenye plastiki ndani ili mtikisiko usizilegeze. Matundu yakae angalau sentimita 3 kutoka ukingo wa raba. Drili inaikamata raba na kuizungusha, kwa hiyo noa mdomo wa kipande cha bomba, weka raba juu ya ubao, piga nyundo mara moja, tundu linatoka safi.

Kabla ya kutoboa chuma chochote chungulia nyuma yake, paipu za breki na waya za taa za nyuma zinapita hukohuko. Na upande wa bomba la moshi kata kona ya raba ikae mbali na joto, isipate kuungua.

Wenye Land Rover wasikie hili. Bodi yake ni alminiamu na chuma kikigusana nayo kwenye maji ya tope, alminiamu inaliwa, unaona unga mweupe kisha bati linavimba. Kwa hiyo popote fleti baa inapogusa bodi weka kipande cha tyubu katikati na upake grisi, tyubu kazi yake ndo hii.

Ukimaliza zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone kama tairi la mbele linagusa. Halafu pandisha tairi moja la nyuma kwenye kichuguu au tuta, uangalie lile lililozama ndani ya fenda, likigusa raba sogeza kishikio nyuma. Kwa wanaopita matope mazito toboa tundu chini ya raba, ning'iniza mnyororo mwembamba na ndoana, ukifika pabaya unaikunja juu, ukitoka unaishusha. Ukishafika safari ya kwanza, hata kama ni Kasulu tu na kurudi, kaza bolti zote tena, maana raba mpya inajibana na nati zinabaki na nafasi.