Kabla hujalipia vifaranga wa mayai, uliza madume wako wapi

Anayenipigia simu kutaka vifaranga wa mayai huanza na bei. Namuuliza: bei hiyo ni ya matetea (majike) watupu au mchanganyiko? Mayai yakimaliza siku 21 mashineni, karibu nusu ya vifaranga ni madume, na mtotoleshaji hana pa kuwaweka.

Viwanda vingi duniani huwaua siku hiyohiyo, kwa gesi au kwa mashine ya kusaga. Ujerumani imepiga marufuku tangu Januari 2022, na huko mayai hupimwa jinsia kabla hayajaanguliwa. Huku kwetu wapo wanaouzwa kwa bei ya kutupa, na hapo ndipo mgeni anapoingizwa mkenge: anaambiwa ni "leyazi", yaani kuku wa mayai, kumbe kabeba boksi la majogoo.

Kwa mbegu za leyazi wa kahawia, ISA Brown, Lohmann Brown na Hy-Line Brown, rangi inakutosha. Fungua boksi kwenye mwanga wa mchana. Tetea ni kahawia iliyoiva. Dume ni wa njano iliyofifia, anakaribia weupe. Mmoja wawili wakipenya si neno, hata wapambanuzi wa jinsia wazoefu hukosea. Boksi zima la njano, rudisha palepale. Kwenye risiti waandike "matetea", maana "leyazi" ni jina la mbegu tu, hata dume ni leyazi. Kipimo hiki cha rangi usikipeleke kwa leyazi weupe, kwa chotara wa Kuroila na Sasso, wala kienyeji, utajidanganya. Ila Kuroila na Sasso mchanganyiko hauna hasara, jogoo wao anashika nyama.

Ukitaka kuwafuga hao madume wa bei chee kwa makusudi, piga hesabu ya chakula kwanza, bei ya kifaranga isikulevye. Broila (kuku wa nyama) anatoka bandani wiki ya tano au ya sita. Dume wa leyazi utamlisha miezi minne na zaidi, na bado kifua chake chembamba. Joto la bruda (chumba cha kulelea vifaranga), chanjo ya kideri na ya Gumboro, vyote anavitaka kama dada zake. Mimi huwaingiza mapema Agosti ili Krismasi iwakute tayari. Nje ya sikukuu sihangaiki nao. Wapo wanaowauza sokoni kwa jina la kienyeji. Mimi namwambia mteja ukweli na kushusha bei kidogo, na anarudi.

Wakianza kupandisha vilemba, watenge na matetea. Matetea wakifika umri wa kutaga na kuhamia chakula cha kutagia, madume wasikiguse: chokaa nyingi iliyomo ni ya maganda ya mayai, kwao inaumiza figo. Na usibakize jogoo eti matetea watage, wanataga bila yeye. Anahitajika kwa mayai ya kutotolesha tu, na ukitotolesha ya leyazi hawa, ambao ni chotara, usitegemee watoto watage kama mama zao.